Barcelona au Valencia: mji upi umfae kijana anayetaka bahari mchana na muziki usiku?

Kijana anayefunga safari ya kwanza kwenda pwani ya Hispania huwa ameshachagua Barcelona kabla hata hajafungua ramani. Jina ni kubwa, timu yake ya mpira inajulikana kila kijiwe, na picha za kanisa la Sagrada Família zimejaa kwenye simu za watu. Valencia hukumbukwa baadaye, na kwetu Afrika Mashariki wanaoitaja zaidi ni wafuatiliaji wa mbio ndefu. Miji yote miwili iko kwenye bahari ileile ya Mediterania, na treni ya moja kwa moja kati yake huchukua takriban saa tatu. Lakini usiku wa mmoja haufanani na wa mwingine, na mtu aliyekusanya pesa za viza na nauli kwa miezi mingi anastahili kujua tofauti kabla hajalipia chumba.

Maoni yangu nayaweka mbele. Kama ni mara yako ya kwanza, mfuko wako ni wa mwanafunzi, na unataka kukaa na vijana wenyeji kuliko kuzungukwa na watalii wenzako, nenda Valencia. Barcelona ichague ukiwa unafuata muziki fulani, ukumbi fulani au tamasha ambalo Valencia haina. Sababu kubwa ya kusema hivyo ni jambo ambalo wageni wengi hawalipigii hesabu: utarudije kulala.

Saa za usiku na njia ya kurudi

Hispania usiku huchelewa kuanza. Chakula cha jioni ni saa tatu na nusu au saa nne. Saa sita watu bado wako baa, wamesimama nje na bilauri mkononi, hakuna mwenye haraka. Ukiingia disko saa saba utakuta wahudumu na taa tu; ukumbi hujaa kuanzia saa nane, na watu hutoka kumekucha. Kwa hiyo usiku mmoja una safari tatu: kutoka kwenye chakula hadi baa, kutoka baa hadi disko, kutoka disko hadi kitandani. Safari ya tatu ndiyo inayomaliza pesa, na ndiyo yenye hatari.

Valencia ina wakazi wapatao 800,000 na ardhi yake ni tambarare. Kutoka El Carmen, mji mkongwe wa vichochoro kati ya minara ya Serranos na Quart, hadi Ruzafa, mtaa uliojaa baa na mikahawa, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, tena bila kujikaza. Kuna baiskeli za umma ziitwazo Valenbisi, na mgeni anaruhusiwa kukata tiketi ya wiki. Nusu saa ya kwanza ya kila safari haina malipo ya ziada. Katikati ya mji unapita mkanda wa bustani wa kilomita 9 hivi, Jardín del Turia, ambao zamani ulikuwa mto. Mafuriko ya Oktoba 1957 yaliua watu na kuzamisha mitaa, serikali ikauhamishia mto kusini mwa mji, kisha kukawa na mpango wa kupitisha barabara kuu kwenye mkondo uliobaki mkavu. Wakazi walikataa, wakadai miti, na miti wakaipata. Leo unaendesha baiskeli kutoka mji mkongwe hadi majengo meupe ya Ciudad de las Artes y las Ciencias bila kupishana na gari. Usiku wa manane, hata hivyo, pita barabara za kando ya bustani, zenye taa na watu.

Barcelona ina watu zaidi ya 1,600,000 ndani ya mipaka ya jiji pekee, na kumbi zake zimetawanyika. Razzmatazz iko Poblenou, Apolo iko Paral·lel chini ya kilima cha Montjuïc, na sehemu ya usiku ya tamasha la Sónar hufanyika L'Hospitalet, ambao ni mji jirani. Metro hufunga saa sita usiku siku za kawaida, saa nane usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, na Jumamosi pekee haifungi mpaka asubuhi. Siku nyingine utategemea mabasi ya usiku, NitBus, ambayo mengi hupitia Plaça de Catalunya, au teksi. Baiskeli za Bicing unazoziona kila kona ni za wakazi. Ukiamua kwenda Barcelona, basi, kwanza chagua ukumbi, halafu tafuta hosteli karibu nao. Wengi hufanya kinyume: wanalipia chumba kando ya La Rambla kwa sababu wanalijua jina, kisha kila usiku wanavuka mji kwa teksi.

Kwenye muziki, Barcelona haina mpinzani

Hapa sitauma maneno. Anayeishi kwa muziki wa jukwaani aende Barcelona. Razzmatazz, iliyo ndani ya kiwanda cha zamani, ina kumbi tano chini ya paa moja. Kwa kiingilio kimoja unaweza kutoka kwenye magitaa ukaingia kwenye tekno. Apolo ni ukumbi wa dansi tangu 1943: jioni kuna bendi, usiku wa manane palepale panageuka disko. Jamboree, chini ya ardhi katika uwanja wa Plaça Reial, ni ukumbi wa jazi uliofunguliwa 1960, na jazi ikimalizika vijana huingia kucheza hip-hop. Wasanii wanaozunguka Ulaya husimama Barcelona, na wengi wao huipita Valencia bila kushuka.

Juu ya hayo kuna matamasha mawili makubwa. Primavera Sound lilianza 2001 na siku hizi hufanyika Parc del Fòrum, kando ya bahari, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Sónar, la muziki wa elektroniki, lilianza 1994 na hufanyika Juni. Yote mawili hutaka tiketi na chumba vilivyolipiwa mapema sana.

Tahadhari mbili kwa anayetumia kitabu cha zamani cha utalii. Disko za gatini za Port Olímpic, zilizovuma sana miaka ya nyuma, ziliondolewa na halmashauri, na gati limejengwa upya kwa ajili ya mikahawa na michezo ya baharini. Disko zilizobaki upande huo ziko ufukweni, wateja wake wengi ni watalii, na vinywaji vyake ni ghali. Pili, kilele cha Turó de la Rovira, kinachojulikana kama Bunkers del Carmel, ambako vijana walikuwa wakikesha wakitazama taa za jiji, kimewekwa uzio tangu 2023 na hufungwa usiku. Mchana unaweza kupanda kutazama jiji, kukesha haiwezekani.

Valencia nayo ina historia yake ya muziki, na mtu wa tekno aijue. Miaka ya 1980, barabara inayotoka mjini kuelekea El Saler na Sueca ilikuwa na mlolongo wa disko: Barraca, Spook, Chocolate, Puzzle. Vijana walitoka pembe zote za Hispania, wakihama kutoka ukumbi hadi ukumbi kwa magari kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Jina lililobaki ni Ruta del Bakalao. Dawa za kulevya na ajali za barabarani ziliichafulia sifa, polisi wakabana, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imefifia. Leo mji una kumbi ndogo nzuri: Jimmy Glass huko El Carmen kwa jazi, Loco Club na 16 Toneladas kwa roki, Radio City kwa flamenko na dansi. Kumbi ndogo zina raha yake, kwa sababu unasimama hatua chache tu kutoka kwa mpiga gitaa, lakini majina makubwa usiyategemee.

Mitaa ya Valencia, mmoja baada ya mwingine

El Carmen ndiko wageni wanakoanzia, na si vibaya. Vichochoro vina baa ndogondogo, kuta zimejaa michoro, na karibu kila baa inauza Agua de Valencia: mvinyo wa povu, juisi ya machungwa, vodka na jini. Kilibuniwa na Constante Gil mwaka 1959 katika Cervecería Madrid, baa ya hukohuko mjini. Kinakuja kwenye jagi na kinateremka kama juisi ya asubuhi, kwa hiyo angalia unavyokinywa. Wa kikundi mgawane jagi moja.

Ruzafa ni ya watu wazima kidogo, walio kazini tayari. Kuna mikahawa ya vitabu kama Ubik, sehemu za kula chakula cha mataifa mengi, na baa ambazo watu huzungumza zaidi kuliko kucheza. Majirani huko wanalalamikia kelele, na meza za nje hufungwa mapema kuliko unavyotarajia. Ni mahali pa kuanzia usiku, hasa mkiwa wawili.

Mimi ningempeleka mgeni wa miaka ishirini upande wa vyuo vikuu. Universitat de València, mojawapo ya vyuo vinavyopokea wanafunzi wengi wa Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi barani Ulaya, imejipanga kando ya barabara ya Blasco Ibáñez, na Universitat Politècnica haiko mbali. Kuizunguka barabara hiyo, Plaza Honduras na Plaza del Cedro, ndiko wanafunzi wanakokunywa bia ya bei nafuu. Usiku wao mkubwa ni Alhamisi, kwa sababu Ijumaa wengi hurudi kwa wazazi wao vijijini. Hapo utasikia Kihispania, Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza kwenye meza moja, na mtu aliyekuja peke yake hakai peke yake muda mrefu. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Benimaclet, iliyokuwa kijiji kabla mji haujaifikia. Nyumba ni fupi, kanisa liko kwenye kiwanja chake, baa zina muziki wa moja kwa moja na bei zake zina huruma. Julai na Agosti, na wakati wa mitihani, upande huu wote hupoa. Anayekuja kiangazi asiuwekee matumaini.

Kiangazi ni cha Cabanyal. Huu ni mtaa wa wavuvi, nyumba zake zimevikwa vigae vya rangi, na kwa miaka mingi uliishi chini ya tishio la kubomolewa ili barabara ya Blasco Ibáñez ifike baharini. Wakazi walipinga, na mwaka 2015 mpango ukaachwa. La Fábrica de Hielo, kiwanda cha zamani cha barafu, sasa ni ukumbi wenye bendi, vinywaji na mchanganyiko wa watoto, wazee na vijana. Ukitoka hapo bahari iko mbele yako. Kwa anayetaka disko kubwa la kuvaa vizuri, lipo Mya, chini ya matao ya Umbracle katika Ciudad de las Artes, na kiangazi eneo la juu hufunguliwa pia.

Mchana

Fukwe za Valencia, yaani Las Arenas, Malvarrosa na Patacona, ni pana kiasi kwamba hata Agosti utapata pa kutandika taulo. Za Barcelona nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1992, na Barceloneta, iliyo karibu na mjini, hufurika watu. Sogea hadi Bogatell au Mar Bella, au panda treni kwenda Sitges, chini ya saa moja kutoka mjini. Sitges pia ina sifa ya muda mrefu ya kuwapokea mashoga na wasagaji bila maneno, na kanivali yake ni kubwa. Bahari yenyewe ni baridi mpaka Juni. Aliyezoea maji ya Mombasa au Zanzibar asitarajie kuogelea kwa raha mwezi Machi.

Kwa mtu wa mbio, hakuna cha kulinganisha. Valencia ndiko marehemu Kelvin Kiptum alikokimbia marathoni yake ya kwanza, Desemba 2022, akamaliza kwa saa 2:01:53. Kibiwott Kandie aliweka hapo rekodi ya dunia ya nusu marathoni, dakika 57:32, mwaka 2020, na miezi miwili kabla yake Joshua Cheptegei wa Uganda alikimbia mita 10,000 kwa 26:11.00 katika uwanja ulio ndani ya bustani ya Turia. Asubuhi yoyote utakuta mamia ya watu wakikimbia bustanini humo. Marathoni huwa Jumapili ya kwanza ya Desemba, na mstari wa mwisho umewekwa juu ya maji, kwenye jukwaa la buluu. Usiku wake mji mzima husherehekea, na Mkenya au Mganda aliyevaa fulana ya taifa atapigwa picha mpaka achoke.

Pesa

Barcelona ni ghali zaidi karibu katika kila kitu, na chumba ndicho kinachouma zaidi. Juu ya bei hutozwa kodi ya utalii kwa kila usiku. Valencia haina kodi hiyo: sheria ya jimbo iliyopitishwa 2022 ilifutwa kabla haijaanza kutumika. Kiingilio cha disko katika miji yote miwili mara nyingi ni kati ya euro 10 na 20, na kwa kawaida kinajumuisha kinywaji kimoja, kwa hiyo tunza tiketi yako. Kula vizuri kwa pesa ndogo fanya mchana, kwa menú del día, chakula kamili cha bei moja siku za kazi. Valencia inaongeza esmorzaret, mlo wa saa nne asubuhi: mkate mrefu uliojazwa nyama au mayai, zeituni, karanga, kinywaji na kahawa, na kwa kawaida bei yote haifiki euro 10. Ukiamka kutoka disko, huo ndio wa kukimbilia. Paella, wali maarufu wa Valencia, nayo ni chakula cha mchana. Anayekuuzia saa nne usiku anakuuzia kwa sababu wewe ni mgeni.

Usinunue bia za makopo zinazotembezwa usiku Barcelona. Kunywa barabarani kuna faini, na polisi wamewahi kuyakuta makopo hayo yamefichwa ndani ya mifereji.

Vibaka, mabaunsa na heshima yako

Vibaka wapo miji yote miwili, ila wa Barcelona wamebobea. Wanafanya kazi kwenye metro, La Rambla na ufukweni, na kijana aliyelewa saa kumi alfajiri ndiye wanayemngoja. Simu isikae mfuko wa nyuma wala juu ya meza ya nje. Valencia utapumua kidogo, isipokuwa wakati wa Fallas, sikukuu kubwa ya mji huo mwezi Machi.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya utalii hulipita kimya, nami sitalipita. Kijana mweusi anaweza kuzuiwa mlangoni kwa kisingizio cha viatu au cha "sherehe ya faragha" huku wengine wakiingia. Barcelona, shirika la SOS Racisme limekuwa likipokea malalamiko ya namna hiyo kwa miaka. Ukumbi una haki ya kuweka masharti, lakini sheria haimruhusu mtu kukataliwa kwa rangi yake. Ukikutwa na hilo, omba hoja de reclamaciones, karatasi ya malalamiko ambayo kila biashara inapaswa kuwa nayo, na waite polisi wa manispaa kama wakigoma kuitoa. Usipandishe sauti na baunsa. Shahidi na karatasi vitakusaidia zaidi.

Kwa wasichana: tangu 2018 Barcelona ina utaratibu unaoitwa No Callem, ambapo wafanyakazi wa kumbi zilizojiunga hufundishwa namna ya kumsaidia mtu aliyenyanyaswa au kushambuliwa. Valencia, wakati wa Fallas, huwekwa vituo vya msaada viitwavyo puntos violeta. Namba ya dharura kote ni 112.

Kwa asiyekunywa pombe

Hana cha kukosa. Valencia ana horchata, kinywaji cheupe na baridi kinachotengenezwa kwa viazi vidogo vya chufa, mmea wa jamii ya ndago, na huliwa na fartons, mikate mirefu laini ya kuchovya. Alboraya, ng'ambo ya mashamba ya chufa, ndiyo nyumbani kwake. Barcelona, mtaa wa El Raval una jamii kubwa ya Wapakistani, na chakula cha halali kinapatikana mpaka usiku sana, jambo ambalo Valencia utalitafuta zaidi.

Tarehe zinazobadilisha hesabu yote

Fallas huanza na mascletà, milipuko ya saa nane mchana kila siku kuanzia Machi 1 hadi 19 mbele ya ukumbi wa manispaa, na huisha usiku wa Machi 19 kwa kuchomwa kwa sanamu zaidi ya 700 mitaani. Kuna dansi za barabarani kila mtaa, bila kiingilio, na UNESCO iliiorodhesha Fallas kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2016. Bei za vyumba hupanda sana. Kata mapema au lala mji wa jirani wenye treni. La Tomatina, vita vya nyanya, huwa Buñol, kilomita 40 hivi kutoka Valencia, Jumatano ya mwisho ya Agosti, kwa tiketi. Barcelona inajibu kwa sherehe za mtaa wa Gràcia kuanzia Agosti 15, ambapo majirani hupamba barabara zao wenyewe, na La Mercè karibu na Septemba 24, yenye matamasha ya bure. Usiku wa Juni 23, San Juan, miji yote miwili hushuka ufukweni. Valencia ndiko mioto inakowashwa mchangani hadi alfajiri.

Ukiwa na wiki nzima

Usichague. Fika Barcelona Ijumaa, usiku wako mkubwa uwe Jumamosi kwa sababu metro haifungi, Jumapili lala na uogelee. Jumatatu panda treni ya kusini, tiketi iwe imekatwa mapema maana bei hupanda siku zikikaribia. Valencia itakupa siku tatu za baiskeli, horchata na Cabanyal, na itakufikisha kwenye Alhamisi ya wanafunzi, hapo Plaza Honduras, kuanzia saa tano usiku.